Datejust 36 au Aqua Terra 38: ipi ya kuvaa kila siku kwa mtu wa Mwanza?

#1 Mwana wa Nansio
Wakuu, salaam. Nimedunduliza kwa miaka saba, na sasa nakaribia kununua saa moja ya mkononi nitakayoivaa kila siku, kazini na kanisani, hadi siku nitakapomwachia mwanangu. Zimebaki mbili: Rolex Datejust ya milimita 36 na Omega Seamaster Aqua Terra ya milimita 38, zote za chuma, zote za matoleo ya sasa. Dai langu ni kwamba kwa kazi kama yangu Aqua Terra ndiyo inayofaa, na anayepinga ninaomba anipinge kwa hoja.

Ninasimamia vyumba vya baridi katika kiwanda cha samaki kando ya ziwa. Kutwa ninaingia na kutoka humo, ninapita karibu na mota za kompresa, na jioni ninarudi Igoma kwa pikipiki. Kwa sasa ninavaa saa ya marehemu baba, ya Uswisi, inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, ambayo jina la mtengenezaji wake silitaji kwa kuwa sina ugomvi naye. Baba alikuwa mwalimu Ukerewe, akaivaa zaidi ya miaka ishirini, na mama husema kengele ya shule ilikuwa ikigongwa kwa kuitazama saa ile. Tangu nianze kuivaa mimi inawahi kwa takriban sekunde 40 kila siku. Naamini ni sumaku ya zile mota. Aqua Terra imepimwa kustahimili sumaku yenye nguvu ya gauss 15,000, na Datejust haitajwi kwa kiwango hicho. Nimekosea wapi?

#2 Fundi Mishale
Pole kwa kufiwa na mzee, na hongera kwa kudunduliza. Nimefungua saa kwa miaka mingi hapa mjini, kwa hiyo naomba tuanze na saa iliyo mkononi kabla ya hiyo ambayo bado iko dukani.

Ndani ya saa mna springi nyembamba kama unywele iliyojikunja kama dawa ya mbu ya kuchoma, nayo ndiyo inayolirudisha gurudumu la mizani, lile linalopima mwendo wa saa, kila linapozunguka. Ikipata usumaku, mikunjo yake huvutana na kugusana, springi hufanya kazi kana kwamba imefupishwa, na saa huanza kukimbia. Hapo uko sahihi. Hata hivyo, saa nilizoletewa zikiwa na usumaku mkubwa zilikuwa zikiwahi kwa dakika kadhaa kwa siku, si kwa sekunde 40. Swali langu ni hili: mara ya mwisho ilifunguliwa na kutiwa mafuta mwaka gani? Kisha tafuta dira ya kawaida, iweke mezani, uisogeze saa polepole karibu na sindano. Sindano ikicheza, rudi hapa utuambie.

#3 Mtambo Mkubwa
Mimi ni mtu wa umeme na nitaitetea mota kidogo. Mota ya kompresa imefungwa ndani ya ganda la chuma, na nguvu ya sumaku inayotoka nje hupungua haraka sana kadiri unavyosogea mbali, kiasi kwamba mtu anayepita hatua mbili kutoka hapo hapati kitu cha kutisha. Ndugu Mwana wa Nansio, mshitakiwa wako huenda yuko mfukoni: spika ya simu, au kile kifuniko cha simu kinachojifunga kwa sumaku, ambacho usiku unakilaza kando ya saa juu ya meza ileile.

Kuhusu namba, kiwango cha kimataifa cha saa inayoitwa ya kustahimili sumaku ni ampea 4,800 kwa mita, ambayo ni kama gauss 60. Gauss 15,000 ni sawa na tesla 1.5, yaani kiwango cha mashine nyingi za MRI za hospitalini, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi, na ninaiheshimu, lakini kwa maisha ya kiwandani ni sawa na kununua mtumbwi wa kuvuka bahari ili uende Kamanga, hapo tu ng'ambo ya ghuba. Tena Datejust ya sasa haiko uchi: springi yake, ile wanayoiita Parachrom, ni mchanganyiko wa metali za niobiamu na zirkoniamu ambao haushikwi na sumaku kama chuma.

#4 Mwalimu Nyegezi
Habari za jioni. Mbona hakuna aliyetaja baridi, ilhali mtoa mada ametuambia anashinda ndani ya vyumba vya baridi? Springi ya chuma cha kawaida hukaza inapopoa, na saa huwahi. Ikipata joto hulegea, na saa huchelewa. Tatizo hili liliwasumbua mafundi wa Ulaya kwa vizazi, hadi Charles Édouard Guillaume, Mswisi, alipopata aloi, yaani michanganyiko ya metali, ambazo hazibadiliki sana kwa joto na baridi, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920 kwa sababu ya aloi hizo. Saa ya baba yako bila shaka ina springi ya ukoo huo, kwa hiyo sisemi kwamba baridi peke yake inatosha. Ninachosema ni kwamba mafuta yaliyozeeka huwa mazito zaidi kwenye baridi, na saa inayoingia na kutoka humo mara thelathini kwa siku haiishi maisha iliyoishi kwenye ubao wa darasa kule Ukerewe. Ikiwa sababu ni hiyo, kinga ya sumaku haitakusaidia chochote.

#5 Mama Mwaloni
Jamani, swali lilikuwa saa ipi. Mimi nimevaa Datejust ya 36 kwa miaka tisa pale Mwaloni Kirumba, nikipokea dagaa tangu alfajiri, na nitasema nilichokiona. Inaoga nami, inanawa nami, inashika magunia nami. Kitufe chake cha pembeni hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na maji hayajawahi kuingia. Imepimwa kwa mita 100, wakati ziwa letu lote, kwa ukubwa wake, kina chake kirefu zaidi ni kama mita 80 tu. Nizame nayo wapi ishindwe?

Kasoro moja nitaieleza kwa haki. Ule mkanda wa vipande vidogo vidogo unaoitwa Jubilee hushika magamba ya samaki kwenye maungio, na kila Jumamosi ninausugua kwa mswaki laini na sabuni ya kipande. Anayeshika samaki achukue mkanda wa vipande vitatu vipana.

Tena tukumbuke Datejust ndiyo saa ya kwanza duniani kuonyesha tarehe, na Rolex ndiyo iliyovuka Mfereji wa Uingereza mkononi mwa yule mama muogeleaji. Hizo ni sifa zisizonunuliwa.

#6 Mwalimu Nyegezi
Mama Mwaloni, ushuhuda wako naupokea wote, ila hayo mawili ya mwisho tuyanyooshe. Datejust ilitoka mwaka 1945, kampuni ilipotimiza miaka 40, na haikuwa saa ya kwanza kuonyesha tarehe. Sifa yake ni kwamba ilikuwa ya kwanza kukusanya mambo manne katika saa moja ya mkononi: kujijaza yenyewe, kuzuia maji, kuwa na cheti cha usahihi, na kuonyesha tarehe kwenye kidirisha. Naye muogeleaji huyo, Mercedes Gleitze, Oktoba 1927, aliivaa Rolex shingoni, si mkononi, na katika safari hiyo hakufika ng'ambo. Alitolewa majini baada ya zaidi ya saa 10 kwa sababu ya baridi, lakini saa ilikutwa inakwenda. Kwangu mimi habari ya kweli ni nzuri kuliko ile ya kuongezwa chumvi.

Na wale wa Omega wasije wakaona wameachwa nyuma. Kampuni yao ilianza 1848, na jina Seamaster lilitoka 1948 walipotimiza miaka 100. Tofauti ya miaka mitatu kati ya majina haya mawili haiwezi kuamua ugomvi wa leo.

#7 Mama Mwaloni
Asante, Mwalimu. Shingoni au mkononi, maji yalikuwa yaleyale. Kuhusu mita 100 sijasahihishwa.

#8 Fundi Mishale
Mama, hapo nami nitakugusa kidogo. Mita 100 si ruhusa ya kushuka mita 100. Ni kipimo cha mgandamizo saa ikiwa mpya na mipira yake ya ndani ya kuzuia maji ikiwa laini. Mipira huzeeka kwa joto, jasho na sabuni, na hilo ni kwa Rolex, kwa Omega yenye mita 150, na kwa saa nyingine yoyote. Maji yetu si ya chumvi, ndiyo bahati ya watu wa ziwa, lakini jasho lina chumvi. Ipimwe mgandamizo kila mwaka au miwili, ni kazi ya dakika chache.

#9 Dereva wa Rusumo
Ninapeleka mzigo Kigali mara mbili kwa mwezi. Rwanda saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, na kila ninapovuka daraja la Rusumo huwa ninavuta kitufe, saa inasimama, nakosea sekunde, ninaanza upya. Aqua Terra ina akrabu fupi inayoruka saa nzima peke yake bila kugusa dakika wala sekunde. Kwa mtu wa mipakani hoja hiyo inatosha kumaliza uzi huu. Ndugu, chukua hiyo 38.

#10 Jabali la Bismarck
Dereva, uruke nayo taratibu. Akrabu inayoruka iko kwenye Aqua Terra ya milimita 41, yenye mashine namba 8900. Ile ya 38 anayoitaka mtoa mada ina mashine namba 8800, na humo ukivuta kitufe hatua ya kwanza unabadilisha tarehe, si saa. Ni faida ya aina nyingine: mwezi wa siku 30 ukiisha, unasogeza tarehe kwa sekunde mbili. Wenye 41 hulazimika kuizungusha akrabu fupi usiku na mchana hadi tarehe ifike.

Nami naongeza jambo ambalo mtu wa Mwanza hawezi kulikwepa, nalo ni mawe. Nyumba yangu iko katikati ya majabali, kila ngazi ni jiwe na kila kona ni jiwe. Majabali yetu ni granaiti, na granaiti ina madini ya kwazi, ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs. Kioo cha yakuti cha saa hizi zote mbili ni 9. Kwa hiyo jiwe letu halikwaruzi kioo, ila litakwaruza chuma bila huruma, na dhahabu ndiyo kabisa. Datejust yenye ile pete ya mikunjo kuzunguka kioo, pete hiyo ni dhahabu nyeupe, laini kuliko chuma. Akichagua Datejust, achague yenye pete ya chuma isiyo na mikunjo. Hapo ndipo naona Aqua Terra ilivyo tulivu: haina kitu kilichochomoza.

#11 Dereva wa Rusumo
Nimekubali kusahihishwa. Basi achukue 41.

#12 Mzee wa Kamanga
Wanangu, nimesoma tangu mwanzo. Hakuna aliyeuliza saa inasomwaje, na kwa Mswahili hilo ndilo la kwanza. Akrabu fupi ikielekea pale penye saba, sisi tunasema saa moja. Tumezoea tangu utotoni kusoma upande wa pili wa uso, lakini uso wenye namba kubwa huwa unabishana nasi kila tunapoutazama. Uso wa vistari vitupu haubishani na mtu. Datejust huuzwa kwa nyuso nyingi, zikiwamo zenye namba za Kirumi, na hizo mimi sizishauri kwa mtu wetu. Aqua Terra kwa kawaida ni vistari. Ukichukua Datejust, chukua ya vistari.

La pili ni macho. Lenzi ndogo iliyo juu ya tarehe ya Datejust huikuza mara mbili na nusu. Kijana wa miaka thelathini anaiona kama uvimbe kwenye kioo. Mwana wa Nansio amesema anataka saa ya maisha yote, na maisha yote yana miaka ya sitini ndani yake.

La tatu ni hiyo sekunde 40. Barabara ya kuingia Igoma kwa ndani ninaijua. Pikipiki hutikisa mkono wa kushoto kwenye usukani asubuhi na jioni. Saa ya mwalimu ilizoea kutembea kwa miguu.

#13 Mtambo Mkubwa
Shikamoo, Mzee. Hoja ya vistari sikuwahi kuifikiria, na nimeitazama saa yangu upya. Kwenye mtikisiko ninasita. Saa za kisasa zina vifaa vya kulinda mhimili wa gurudumu la mizani, na zote mbili tunazozijadili zimejengwa kwa kupigwapigwa.

#14 Mzee wa Kamanga
Marahaba. Ya baba yake si ya kisasa.

#15 Mama Mwaloni
Wanaume mmesahau wezi. Rolex inajulikana hata na asiyejua kusoma. Pale sokoni Makoroboi utauziwa iliyoandikwa hivyohivyo kwa bei ya chakula cha mchana, na ndiyo maana ya kwangu haijawahi kuniletea taabu, kwa sababu kila anayeiona sokoni anadhani ni feki. Omega watu hawaigeukii. Na ukivuka ziwa hadi Kampala ukaulizia Rolex barabarani, utafungiwa mayai ndani ya chapati, na ni tamu.

#16 Jabali la Bismarck
Mama Mwaloni kila uzi lazima utulishe. Ila hoja ya feki iongezwe upande wa kununua: akinunua iliyotumika, asinunue kwa picha. Afunguliwe mfuniko na fundi mbele yake, namba zilinganishwe na karatasi, ndipo atoe fedha.

#17 Mwana wa Nansio
Wakuu, shikamoo Mzee wa Kamanga, na asanteni nyote. Naleta majibu ya dira. Sindano ilicheza, si kwa nguvu, lakini ilicheza. Nilifurahi, nikaenda kwa fundi mwenye kifaa cha kuondoa usumaku, akaifanyia kazi kwa dakika moja. Nimepima kwa siku saba kwa kulinganisha na saa ya simu. Sasa inawahi kwa sekunde 22 kwa siku, kutoka 40.

Fundi Mishale, swali lako la mafuta nimemuuliza mama. Anakumbuka baba aliipeleka kwa fundi wakati mimi niko darasa la tano. Hiyo ni miaka kumi na tisa.

#18 Mtambo Mkubwa
Basi sumaku ilikuwamo, na ninaamini ni ya simu.

#19 Fundi Mishale
Na sekunde 22 zilizobaki ni za miaka kumi na tisa ya mafuta makavu. Ndugu yangu, hapo ndipo uchaguzi wako ulipo. Rolex hushauri huduma kamili baada ya takriban miaka 10, Omega baada ya miaka 5 hadi 8. Vipuri vyao halisi haviuzwi ovyo kwa mafundi wa mitaani kama mimi, kwa hiyo kila huduma ni safari na ni gharama, na ni lazima uiweke kwenye hesabu leo, kabla ya kununua. Kwa mtu ambaye familia yake husahau huduma kwa miaka kumi na tisa, na nasema hili kwa upendo, ningechukua ile inayovumilia muda mrefu zaidi kati ya huduma na huduma. Usahihi hauzitenganishi sana. Datejust inaahidiwa isizidi sekunde 2 mbele au nyuma kwa siku, Aqua Terra iwe kati ya 0 na sekunde 5 mbele.

Kuna na akiba ya nguvu, yaani muda ambao saa huendelea kwenda baada ya kuvuliwa. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Aqua Terra ya 38 ina saa 55, itasimama Jumatatu saa saba usiku. Datejust ina saa 70, Jumatatu unapokwenda kazini utaikuta inakwenda.

#20 Mama Mwaloni
Amesema ya kila siku. Anayeivaa kila siku anaivulia nini?

#21 Mwalimu Nyegezi
Mimi bado sijaondoka kwenye baridi. Mwana wa Nansio, zile siku saba ulizopima, ulikuwa kazini siku zote au zilikuwamo za mapumziko? Kama siku za nyumbani iliwahi kidogo kuliko siku za kiwandani, mafuta peke yake hayaelezi, wala simu haielezi, kwa sababu simu unayo kote kuwili.

#22 Mwana wa Nansio
Mwalimu, nimeangalia daftari. Jumapili, siku ambayo sikwenda kazini, iliwahi kwa sekunde 15. Lakini Jumapili hiyo pia sikupanda pikipiki.

#23 Mzee wa Kamanga
Haya.

#24 Mtambo Mkubwa
Siku moja haitoshi kuwa ushahidi. Jumapili usiku uliilaza vipi? Saa iliyolala chali haiendi sawa na iliyosimama kwa ubavu, na tofauti ya sekunde saba inaweza kutoka hapo tu.

#25 Mwana wa Nansio
Chali, juu ya Biblia ya baba. Siku nyingine huwa naitundika msumarini. Kuanzia leo nitailaza chali wiki nzima, pikipiki nitaiacha nyumbani Jumatano na Alhamisi nipande daladala, na simu itakaa chumba kingine. Hadi hapo fedha zinabaki benki. Nakiri kwamba Aqua Terra haiko mbali mbele kama nilivyoandika mwanzo, na nimeanza kuitazama Datejust ya vistari yenye pete isiyo na mikunjo. Ila jana nilimwonyesha mwanangu picha zote mbili nikamuuliza anataka ipi, akauliza kwa nini asipewe ya babu.

#26 Fundi Mishale
Ilete niifungue Jumamosi. Usiilaze popote hadi niione.